Mguu Uliotazama Pembeni

Tangazo la kuhamisha makaburi lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya afya siku ya Jumatatu, na ilipofika Jumatano Mama Plasta alikuwa ameanza kumsikia mdogo wake akitembea.

Hakumsikia usiku, wala hakumsikia nyumbani. Alimsikia saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani, kwenye korido ya hospitali nje ya chumba cha plasta. Hatua moja iligonga sakafu sawasawa. Ya pili ikafuata ikisugua, kama mtu anayesukuma kitu kwa ubavu wa kiatu. Alikuwa ameinamia beseni akilowesha bandeji, maji yamekuwa meupe kama maziwa, na kitandani amelala mwanamume aliyevunjika mkono. Akaacha kila kitu akaenda mlangoni. Koridoni palikuwa na benchi, watu watatu wanaosubiri zamu, na mwanamke anayenyonyesha. Hakuna aliyekuwa akitembea.

"Sista, huku kitu kinaganda," mgonjwa akamwita. "Au ndiyo nimeshakuwa sanamu?"

"Tulia, baba. Sanamu hazilalamiki."

Akarudi, akamaliza kuzungusha bandeji, akailainisha kwa viganja mpaka ikaanza kupata lile joto lake, joto la plasta inaposhika, ambalo wagonjwa wote huliogopa mara ya kwanza. Lakini yule mtu alipoondoka, alikaa kwenye stuli na hakumwita mwingine kwa muda mrefu.

Mdogo wake alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa maradhi ya ini, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Fundi Saa, kwa kuwa alikuwa na kibanda karibu na stendi, kidogo kama kabati, alimokaa kutwa akitengeneza saa za watu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na ukanda mmoja wa makaburi ya zamani ulikuwa njiani. Tangazo lilisema ndugu wafike Jumamosi saa mbili asubuhi. Kila familia itambue mifupa ya mtu wake, iweke kwenye sanduku, ikazike upya pale itakapopenda.

Mifupa. Miaka yote kumi na mmoja alikuwa amejipa moyo kwamba alichokificha kilikuwa kimezikwa. Kumbe kila kitu cha mdogo wake kilikuwa kimekwenda, nyama, nywele na lile jicho moja lililozoea kufinywa, na kilichobaki ndicho hichohicho alichokificha.

Alikuwa akiishi na mama yao, nyumba ya vyumba viwili na ua. Mama alikuwa amepita miaka sabini, mwembamba, mkavu wa maneno, na kila asubuhi alinawa uso uani kwenye ndoo moja, mahali pamoja. Akishanawa, kabla ya kujifuta, husema na mtoto wake kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema na aliye chumba cha pili.

"Nisamehe, baba. Ni mimi niliyekutuma juu ya bati."

Kisha hujifuta, huingia ndani na kuuliza kama chai iko tayari. Mama Plasta alikuwa ameyasikia maneno hayo kila asubuhi tangu mazishi, akiwa jikoni, birika mkononi. Kabla ya mazishi mama alikuwa akimwambia mwenyewe, uso kwa uso, na kijana akimjibu, "Mama, yameshapita hayo." Baada ya mazishi hakukuwa na wa kumjibu. Aliyeweza kumjibu alikuwa jikoni, na alikaa kimya.

Habari yenyewe ilianza hivi. Fundi Saa akiwa na miaka kumi na mitano, mvua ilikuwa inavuja juu ya kitanda cha mama, na mama akamwambia apande akagongomee bati. Akapanda. Bati likateleza naye. Alianguka kwa mguu wa kushoto, na mfupa wa muundi ukakatika katikati, na ule mwembamba wa pembeni nao ukakatika.

Dada yake alikuwa na miezi minne tu kazini. Mji mzima ulikuwa na chumba kimoja cha plasta, na mkuu wa chumba hicho alikuwa mzee mmoja waliyemwita Rula, kwa sababu hakuamini kitu chochote ambacho hakijanyooshewa mstari. Rula alikuwa amewafundisha: ukimfunga mtu muundi, vuta mguu kwa nguvu zako zote, mtu alie, akutukane, akuite majina ya wanyama, wewe vuta. Kisha tazama nukta tatu: kidole cha pili cha mguu, pia ya goti, na ile ncha ya mbele ya nyonga. Zikikaa kwenye mstari mmoja, funga. Na usiamini macho yako, linganisha na mguu wa pili, kwa kuwa kila mtu amezaliwa na kipimo chake mwenyewe.

Siku hiyo Rula hakuwepo. Kijana alilazwa kitandani, akamshika dada yake mkono, akasema, "Dada, polepole." Akavuta polepole. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, nalo lingesameheka. Alivuta kwa huruma, mfupa ukakubali nusu, akafunga. Akapiga picha ndogo ya eksirei ya pale palipovunjika tu, isiyoonyesha goti wala kifundo cha mguu, na kwenye picha ncha mbili za mfupa zilikuwa zimegusana vizuri.

Wiki ya pili, kijana alipokuja kuangaliwa, dada aliona. Goti lilitazama juu, na vidole, pale vilipochomoza kwenye plasta, vilitazama pembeni, ukutani. Upande wa chini wa mfupa ulikuwa umejizungusha. Wakati huo ungeweza bado kurekebishwa. Mfupa si gongo la mti. Una damu, unakula, unakua. Ukikatika, hujijaza kwanza kwa kitu laini kama gegedu, na kwa wiki mbili tatu kitu hicho bado kinasikia mkono wa mtu. Baadaye hukauka, kikawa mfupa mtupu, na hapo mazungumzo huwa yamekwisha.

Angelisema tu. Lakini mwezi uliotangulia Rula alikuwa amemfukuza kazi mwenzake kwa kosa kama hilo, naye alikuwa bado kwenye majaribio, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba. Akajipa moyo kwa jambo alilokuwa amefundishwa na Rula mwenyewe: mfupa wa mtoto uliopinda hujinyoosha kadiri anavyokua. Ni kweli, hujinyoosha. Hula upande huu, hujenga upande ule, mwaka hata mwaka, mpaka mpindo unapotea. Rula alikuwa ameongeza sentensi ya pili, na yeye aliisikia, iliandikwa kwenye daftari lake kwa mwandiko wake: ila mfupa uliojisokota haurudi. Alijitia hamnazo. Alishika sentensi ya kwanza akaiacha ya pili.

Wiki ya nane alikata plasta. Kijana akasimama, na mguu wa kushoto ukatazama mlangoni huku yeye mzima akimtazama mama yake.

"Mbona hivyo?" mama akauliza.

Na dada, picha mkononi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mfupa umekaa sawa, mama. Angalia mwenyewe. Ni mishipa ndiyo iliyokufa pale alipoanguka. Hiyo haina dawa."

Mama hakujua kusoma picha. Aliangalia, akatikisa kichwa, akakaa chini. Kuanzia siku hiyo akajua kwamba yeye ndiye aliyemlemaza mtoto.

Kijana naye alijua yake. Alipofika miaka ishirini alikwenda kujiandikisha zimamoto, jambo alilokuwa akilitamani tangu utotoni. Alirudi mchana, akamkuta dada yake bombani akichota maji, akamsaidia kuinua ndoo.

"Wamenikataa," akasema. "Daktari wao kanilaza, kanishika mguu, kaniuliza nani aliyenifunga huu. Anasema umesokotwa."

Maji yalimmwagikia dada miguuni.

"Nikamwambia nimezaliwa hivyo," kijana akasema, akaitwaa ndoo, akatangulia nayo, hatua moja ikigonga, ya pili ikisugua. Hakulisema tena mpaka akafa. Katika yote, hilo ndilo lililomnyima dada yake usingizi kuliko mengine. Angemtukana, angepata pa kushika.

Jumamosi walifika makaburini mapema, yeye na mama, na kiti kidogo cha mama cha kukunja. Watu walikuwa wengi lakini hawakupiga kelele. Wachimbaji walikuwa wameshaanza. Bwana Afya alikuwa amesimama katikati na orodha yake, koti jeupe, mabuti ya mpira, sauti iliyokauka kwa vumbi. Alipomwona Mama Plasta alifurahi.

"Afadhali umekuja. Leo sina mtaalamu hapa. Huyu," akamwonyesha mchimbaji mmoja mzee, mfupi, aliyekuwa kaburini mpaka kifuani, "juzi kaniletea mkono una vidole saba."

"Bosi, mimi kazi yangu sururu," yule mchimbaji akajibu kutoka chini. "Hesabu ni ya waliosoma." Ndiyo maana wenzake walimwita Sururu.

Kaburi alimokuwa ndilo lililokuwa na ubao wa jina la Fundi Saa. Mama akaweka kiti chake pembeni. Turubai likatandikwa, Mama Plasta akavaa glavu, akapiga magoti, na mifupa ikaanza kupanda juu mmojammoja, ya rangi ya udongo, myepesi. Fuvu. Taya. Mitulinga miwili. Mbavu, nyingine zimekatika. Pingili za uti wa mgongo, ambazo alizipanga kwa ukubwa, ndogo za shingoni, nene za kiunoni. Alipanga mtu. Mikono yake ilijua, na ndiyo iliyomsaidia, kwa kuwa kichwani hakukuwa na kitu. Sururu akapandisha kiganja cha udongo kilichojaa vijifupa kama kokoto.

"Hivi vyote ni vya nini?"

"Mguu. Zaidi ya nusu ya mifupa ya mtu iko mikononi na miguuni."

"Kumbe tunakanyagia mali," Sururu akasema, akainama tena. Kisha akapandisha mifupa mirefu: mapaja mawili, miundi miwili.

Muundi wa kushoto ulikuwa na uvimbe katikati, kama fundo la muwa.

Mama aliuona kabla yake. Alishuka kitini, akaunyoosha mkono, akaugusa ule uvimbe kwa kidole kimoja, akaupapasa kule na huku.

"Ndio huu," akasema. "Ndipo hapa." Na akaanza, kwa sauti ileile ya uani, maneno yaleyale. Nisamehe, baba.

Mama Plasta alikuwa ameshika muundi wa pili, wa kulia. Bila kufikiri, kwa mazoea ya kazi, aliuweka sambamba na ule wa kushoto juu ya turubai, goti kwa goti. Akatazama ncha za chini.

Zilitazama upande mmoja. Nukta kwa nukta, kama miguu ya mtu aliyesimama wima.

Akaurudia uvimbe. Ulikuwa mpana, wenye kingo. Mdogo wake aliishi miaka kumi na sita baada ya kuvunjika, na kwa muda huo mfupa hujipiga msasa wenyewe mpaka uvimbe ukabaki kumbukumbu ya uvimbe. Huu ulikuwa wa miaka michache tu. Na ulikuwa umeungwa vizuri mno. Aliyeufunga alivuta bila huruma.

Huyu hakuwa mdogo wake.

Hatua mbili kutoka pale, kaburi la pili lilikuwa limeshamalizwa. Mzee mmoja, fundi cherehani, alikuwa amekaa juu ya jiwe na furushi la kitambaa cheupe mapajani, limefungwa kwa mishono ya mkono wake mwenyewe. Watu walikuwa wanamsubiri. Alikuwa akimpeleka mwanawe kwao, mbali, safari ya siku mbili, na gari lilikuwa limeshawashwa barabarani.

Mama Plasta alibaki amepiga magoti. Hakuna aliyejua ila yeye. Mama alikuwa ameshamtambua mtu wake, ameshamgusa, na pengine leo roho yake ingetulia. Akinyamaza, mambo yatakwisha sasa hivi: sanduku litafungwa, watavuka mto hadi makaburi mapya, watafukia. Na mdogo wake atakwenda safari ya siku mbili kulala kati ya watu asiowajua, akiitwa jina la mtu mwingine. Nyuma yake, kati ya makaburi yaliyo wazi, alisikia hatua moja ikigonga, ya pili ikisugua, inaelekea barabarani. Hakugeuka kuangalia.

"Bwana Afya," akasema. "Yule mzee asiondoke kwanza."

"Kuna nini?"

"Nadhani mbao za majina zilichanganywa."

Bwana Afya akafikicha macho. Ilikuwa kweli kwamba mvua ya mwaka juzi ilifuta majina, na mlinzi wa makaburi aliyapaka rangi upya kwa kukumbuka tu. "Unadhani au unajua? Maana mama yako kautambua mguu. Kavunjika, si ndiyo? Mguu huo umevunjika."

Fundi cherehani alikuwa amesogea, furushi kifuani. "Hata wangu alivunjika mguu," akasema. "Mpira. Wa kushoto vilevile. Mwanangu nimeshamfunga, dada yangu. Usinifanye nimfumue."

"Naomba tu nione miundi, mzee wangu. Miwili tu."

"Na ukishaona?"

"Nikikosea, nitamshona mwenyewe nikiwa nimepiga magoti."

Mzee akamwangalia sana. Kisha akatoa mkasi mfukoni, akakata mishono minne, akamwachia aingize mkono.

Mama Plasta akaitoa miundi, akailaza kwenye turubai, goti kwa goti. Wa kulia ulikaa kama mfupa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa na uvimbe mdogo, umelainika, ambao asiyejua angeupita. Chini ya uvimbe mfupa ulikuwa umejizungusha kama kitambaa kinachokamuliwa, na ncha ya chini ilitazama pembeni, mbali kabisa na mwenzake.

Sururu alikuwa amepanda juu kuangalia. Akapiga mluzi mdogo. "Huu ulifungwa na mlevi."

Mama alikuwa amesimama. Aliangalia jozi ya kwanza, akaangalia ya pili, akarudi ya kwanza.

"Sielewi," akasema. "Mwanangu mfupa wake ulikaa sawa. Uliniambia wewe. Ulinionyesha picha. Ulisema ni mishipa." Akaunyooshea kidole muundi ulionyooka. "Basi huyu ndiye."

Bwana Afya akashusha orodha. "Mama anasema hivyo, sista, na maneno yake yana mantiki. Nikibadilisha nahitaji sababu. Nani alisema mfupa wake ulisokotwa? Kuna cheti? Kuna daktari?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulipitisha mmoja tu: yeye au ukweli. Angeweza kusema amekuja kugundua leo. Angeweza kusema picha ilidanganya, na picha hudanganya. Maneno yalishamfika mdomoni, yamepangwa vizuri. Akamtazama mama yake, aliyekuwa bado na udongo wa mtu mwingine kwenye kidole.

"Niliufunga mimi," akasema. "Sikuuvuta inavyotakiwa. Wiki ya pili niliona umezunguka, ungeweza kufunguliwa ukarekebishwa, nikaogopa kumwaga unga. Nikanyamaza mpaka ukashika. Mama, mishipa haikuwa na neno. Kuanguka kule kungepona. Angetembea kama watu. Nilikudanganya."

"Alijua?" mama akauliza.

"Alijua. Hakusema."

Mama akarudi kitini akakaa. Hakulia. Aliuweka mkono mmoja juu ya mwingine, akaangalia mbele.

Fundi cherehani ndiye aliyesema, taratibu, akiwa ameinama juu ya muundi ulionyooka. "Huyu wangu alifungwa hapo hospitalini. Nilikuwa mlangoni. Alikuwepo mwanamke mmoja, alimvuta kijana mpaka akamtukana ukoo mzima. Nilitaka kuingia nimtoe. Yeye hata hakugeuka. Alisema, tukana, baba, lakini usitikisike."

Mama Plasta hakumkumbuka kijana. Aliyakumbuka maneno, kwa kuwa aliwaambia wote. Kwa miaka ishirini na saba aliwavuta watoto wa watu bila kumwonea huruma hata mmoja.

"Ni mimi, mzee."

"Alikuja kucheza tena," mzee akasema. "Msimu mzima." Akavua koti lake, akalitandika chini, akaanza kumhamishia hapo mwanawe wa kweli, mfupa kwa mfupa, na Sururu akapiga magoti akamsaidia kwa vile vya miguuni. Bwana Afya akaandika kwenye orodha, akafuta, akaandika tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sababu imetosha.

Fundi Saa aliwekwa kwenye sanduku fupi la mbao. Mama Plasta alimpanga peke yake, mama akiangalia kutoka kitini. Mapaja, kisha pia za magoti, kisha miundi. Alipofika kwenye mguu wa kushoto alisita. Hakuna tena kilichoshikanisha mfupa na mfupa, na mtu angeweza kuulaza mguu upande wowote alioutaka. Akauzungusha muundi kidogo, akaviweka vifupa vya unyayo chini yake, vidole vikatazama juu, sambamba na vya kulia. Kidole cha pili, goti, nyonga. Mstari mmoja.

Kivuli kikamwangukia. Mama alikuwa amesimama juu yake.

"Huyo nani?" mama akauliza.

"Mama?"

"Nakuuliza, huyo uliyemlaza hapo ni nani? Mimi simjui."

Akainama kwa shida, mkono mmoja kwenye ukingo wa sanduku. Akaushika ule muundi, akaugeuza mpaka ukatazama pembeni, kisha akavisogeza vile vifupa vidogo kimojakimoja vikafuata. Ilimchukua muda, vidole vyake havikuwa na nguvu, na alikataa kusaidiwa. Alipomaliza aliukagua mguu kama mtu anayekagua mtoto aliyevalishwa kwenda shule.

"Miaka ishirini na saba," akasema. "Nilikuwa namwomba radhi mtu ambaye sikumkosea, na yeye ananiambia yamepita. Mlikuwa mnanitazama, nyinyi wawili."

"Nisamehe, mama."

"Usinifundishe la kusema. Hayo maneno nayajua yalivyo, nimeyasema kila siku." Akajifuta mikono kwenye nguo yake. "Sina jibu la kukupa leo. Sijui kama nitakuwa nalo. Funga hilo sanduku."

Akafunga. Sururu akaja na mwenzake kulibeba, lakini mama akawaonyesha kwa mkono warudi nyuma.

"Wewe shika huko kichwani," akamwambia binti yake. "Mimi nitashika miguuni."

"Mama, hutaweza."

"Shika."

Walishika, wakahesabu mpaka tatu, wakanyanyua. Lilikuwa jepesi kuliko walivyodhani. Wote wawili walikuwa wamejiandaa kwa uzito wa mtu mzima, na sanduku likaruka mpaka vifuani mwao, ikabidi wasimame kwanza, walishushe kidogo, ndipo waanze kutembea.